Walichomea Nyama Miti Yetu ya Sombe

Wengine wanastaafu wakiwa na mvi, wanapewa saa ya ukutani, bosi anasoma hotuba. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba na sikupewa hata soda. Kusema kweli sikustaafu, nimestaafishwa. Mwakani naingia matric, mwaka wa mtihani wa mwisho wa shule, na mama yangu alisema maneno mawili tu, "Shamba basi," halafu akaendelea kusuka kichwa cha mteja kana kwamba amezima taa ya choo. Hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo, binamu yangu Gloire, na ninyi wadogo wa Sunday school mtakaoshika jembe baada yangu, naandika haya kabla sijasahau na kabla hasira haijapoa. Mnanijua. Mdomoni mimi sina maneno. Nikisimamishwa mbele ya watu shingo inapata moto, naangalia viatu vyangu mpaka wanihurumie. Lakini nikiwa peke yangu na kalamu, naweza.

Shamba letu si lile la kwenye kalenda. Ni kipande cha udongo nyuma ya kanisa, hapa Jacobs, Durban, kati ya ukuta wa kiwanda cha rangi na uzio wa gereji. Upepo ukigeuka, unapalilia huku unanusa rangi mbichi. Ukichimba unakuta vipande vya matofali, vizibo vya chupa, mara moja hata kiatu cha mtoto. Udongo wenyewe ni mchanga zaidi ya udongo. Lakini tunalima lengalenga, yaani mchicha, tunalima matembele, na zaidi ya yote tunalima muhogo kwa ajili ya majani yake, sombe, chakula ambacho kikikosekana Jumapili nyumba ya Mkongo inakuwa kama ina msiba.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama alinituma Jumamosi moja nikamsaidie Mama Nabintu, ambaye mnamjua ninyi nyote, maana hakuna asiyemsikia. Ni mfupi, ametoka Bukavu zamani, na sauti yake ingetosha kuongoza magari pale robot, taa za barabarani, inapozimika. Yeye ndiye aliyeomba kanisa kile kipande wakati kilikuwa jalala, na yeye na wamama wenzake ndio waliotoa takataka kwa mabeseni.

"Unaitwa nani?" aliniuliza.

Nilijibu, lakini inaelekea nilijibu ndani ya tumbo.

"Nani?"

"Aline."

"Haya, Aline. Maneno hauna. Mikono iko?"

Nikamwonyesha mikono yangu.

"Iko. Basi ng'oa ndago."

Ndago ni yale majani membamba yanayoonekana kama hayana ubaya. Niling'oa tuta zima, nikasimama najisikia mkulima. Mama Nabintu akaja, akachomeka kidole ardhini, akatoa kitu cheusi kama punje ya njugu, akakiweka kiganjani mwangu. "Umekata nywele," akasema, "kichwa umekiacha." Nikarudia tuta lote, nikitafuta vichwa kwa vidole. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Kucha zangu hazijawahi kusamehe.

Sasa mambo ya majira ya kuchipua, maana ndiyo kazi yenyewe, mengine yote ni kumwagilia tu. Agosti ni upepo. Usipande kitu, tengeneza matuta, leta samadi, tulia. Septemba itakudanganya. Itanyesha mara moja, vizuri kabisa, utasikia harufu ya udongo na utataka kumwaga mbegu zote. Usimwage. Baada ya hiyo mvua huja siku za upepo wa moto kutoka bara, unaokausha mche asubuhi na kuuzika mchana. Mama Nabintu anaiita mvua ya wajinga, na kila mwaka yupo mtu anayenyeshewa nayo.

Mbegu za lengalenga ni ndogo kama vumbi, changanya na mchanga mkavu, la sivyo zitaota zote mahali pamoja kama nywele kwenye chunjua. Kisha funika tuta kwa pazia. Ndiyo, pazia, yale ya nyavunyavu ambayo mama aliyatoa saluni. Usipofunika, hadeda watakuja, wale ndege wakubwa wanaopiga kelele kama wanadai kodi. Hawali mbegu. Wanatafuta minyoo, lakini wakimaliza kutoboatoboa hakuna mbegu iliyobaki ilipokuwa. Na tumbili ni habari nyingine. Watu wa Morningside, kule kwa matajiri, wanawapiga picha. Sisi tunawapiga kwa masufuria, yaani tunagonga masufuria, na wao wanakaa juu ya ukuta wa kiwanda wanatutazama kama tunawaimbia.

Vyombo vyetu: jembe lenye mpini wa bomba la chuma, zito, lakini halivunjiki. Kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari, ndilo la kumwagilia miche, maana mpira wa maji unaifukua. Na kisu cha Mama Nabintu, ambacho amekinoa mpaka kimebaki chembamba kama samaki mdogo. Kisu hicho hakiazimwi. Mimi mwenyewe nilipewa kukishika mwaka wangu wa tatu, naye alisimama karibu kama mtu aliyempa mgeni mtoto mchanga.

Kisu ni cha kazi ya sombe. Sombe haina mbegu ya kumwaga. Unapanda mti wenyewe. Mashina yakizeeka majani yanakuwa magumu, unayakata, unachagua miti iliyokomaa isiyo na madoa, unaisimamisha kivulini, miguu kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, ikisubiri mvua. Siku ya kupanda unaikata vipande, kila kimoja na macho yake kadhaa, macho yakitazama juu. Ukipanda kichwa chini mti hautakuuliza kitu, utajaribu tu kuishi hivyo hivyo kwa shida. Na kabla ya kupanda, kwangua ncha kidogo. Yakitoka maziwa meupe, mti uko hai. Kukiwa kukavu, tupa. Kwa macho huwezi kujua. Mti wa sombe ulio hai na kuni ni kitu kimoja kwa mtu anayepita.

Sheria moja zaidi, ya Mama Nabintu, na ilishikwa na wamama wote: mti hauuzwi. Majani tunauza, mti tunatoa. Anayepewa anajua kwamba siku mwenye mti akirudi kuomba, naye atakata atampa. Nilidhani ni upole tu wa wamama. Mwaka huu nimeelewa.

Mwaka huu ndio nataka kuueleza, na mnisamehe nikiandika kwa kukandamiza kalamu.

Baridi ilipoingia, komite ya kanisa ilisema bomba la maji machafu limeharibika na lazima lichimbwe upya, na linapita katikati ya shamba. Hatukubisha. Tukakata sombe yote, mashina yote, hatukuacha hata moja limesimama. Miti tukaipanga nyuma ya choo, kwenye mchanga, ukuta mzima wa miti. Mafundi wakachimba, wakafukia, wakaondoka. Ndipo Papa Sylvain, diakre wetu, yaani shemasi, ambaye ndiye mkubwa wa komite na ana gereji yake mwenyewe hapa Jacobs, si hii ya jirani, alipotangaza baada ya ibada kwamba magari ya waumini yameongezeka. Akasema kama shamba litakuwa limepandwa mpaka Oktoba inaisha, sawa, liendelee. Likiwa udongo mtupu, kanisa litaweka parkingi. Akasema kwa upole. Yeye husema kila kitu kwa upole, hata akikuomba uhame kiti chako.

Hatukuogopa. Miti tulikuwa nayo.

Ikaja ile sikukuu ya Septemba, ambayo Waafrika Kusini wote wanachoma nyama hata kama hawana sababu nyingine. Vijana wa kanisa waliandaa braai uani. Mimi na Mama Nabintu tulichelewa, tukaja na sufuria ya lengalenga. Tuliona moshi kutoka barabarani. Moshi mweupe, mzito, wa kukohoa.

Mama Nabintu hakwenda kwenye nyama. Alienda nyuma ya choo. Nikamfuata. Kulikuwa na mchanga, na kwenye mchanga vitundu, vitundu tu, mahali miguu ya miti ilipokuwa imesimama.

Tuliporudi uani nilitazama moto vizuri. Miti yetu ilikuwa imelazwa chini ya wavu wa nyama, na ncha zake zilikuwa zikitoa povu na kulia *ssss*. Kuni kavu hazilii hivyo. Mama Nabintu akavuta mmoja kwa mkono mtupu, akakata ncha kwa kisu chake. Maziwa yakatoka, yenye moto.

"Papa Sylvain," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia akisema kwa sauti ndogo. "Nani alitoa hii miti?"

"Ah, mama! Mkaa ulikataa kuwaka," akasema Papa Sylvain. Alikuwa na koleo mkononi na aproni iliyoandikwa *Chef*. "Vijana walitafuta kuni, nikawaambia wachukue ile ya pale."

"Haukujua ni nini?"

Nilitaka aseme hakujua. Nawaapia, nilimwombea. Mtu asiyejua unaweza kumfundisha ukaenda nyumbani ukalala.

"Nilijua," akasema. "Si miti ya sombe? Lakini ninyi bamama, hiyo miti munapataka tu. Kila mwaka iko." Akacheka, si vibaya, akageuza nyama. "Kuja mukule, iko tayari."

Na watu wakacheka naye! Watu ambao wamekula sombe yetu kila Jumapili. Kijana mmoja akaongeza, "Eish, Mama Nabintu, tutakununulia mkaa." Mimi nilisimama na sufuria ya moto mikononi mpaka vidole vikaungua. Nilikuwa na maneno yote. Hayakutoka. *Munapataka tu.* Yaani huwa tunapata tu, bure. Kana kwamba inanyesha na mvua. Kana kwamba tunaamka tunaikuta mlangoni. Na kwa taarifa yenu, ile nyama ilitoka nyeusi nje na mbichi ndani, kwa sababu miti ya sombe hata kuni nzuri si kuni nzuri.

Tuliokoa michache. Kesho yake tulikwangua kila ncha, maziwa hayakuwepo tena. Tukaanza kuzunguka mjini kuomba miti.

Glenwood kwanza. Dada mmoja wa saluni, anayekaa kwenye chumba karibu na wanafunzi wa chuo, tulimpa miti miaka ya nyuma akaiotesha kwenye ndoo ya rangi. Alifungua mlango akashika kichwa. Mwenye nyumba alikuwa amepaka ukuta na kutupa ndoo zote, zenye rangi na ile yenye sombe. Morningside, mama mmoja wa Lubumbashi anayefanya kazi kwenye nyumba kubwa alikuwa ameipanda nyuma ya gereji, imekua mpaka dirishani. Lakini bosi wake ameipenda kama ua, anaipiga picha, na amekataza isiguswe. "Wageni wakija anawaonyesha," yule mama akatuambia akinong'ona getini. "Mimi mwenyewe nanunuaka sombe dukani." Tulicheka njia nzima mpaka kwenye taxi, halafu Mama Nabintu akageukia dirishani.

Aliyebaki alikuwa Bi Halima, kule Chatsworth. Bi Halima amezaliwa hapa hapa Durban, lakini wazee wake asili yao ni pwani ya Afrika Mashariki, na Kiswahili chake ni cha kuvaa kanga. Walijuana na Mama Nabintu sokoni, na tangu hapo hawajaacha kubishana. Ua wake wote wa nyuma ulikuwa muhogo mtupu, mrefu kuliko mimi.

"Karibuni. Nyinyi ndio mnaokula majani mkatupa muhogo?" akatuuliza kabla hatujakaa.

"Ni ninyi munakula muzizi munaacha mboga," Mama Nabintu akajibu. "Halima, bamenichomea miti."

"Nani?"

"Batu ba kanisa."

Bi Halima alivaa viatu vya plastiki akaenda uani. "Kata," akasema. "Hii si yako? Uliponipa ilikuwa mitatu. Lakini usininyolee upara, niachie ya futari." Wakakata pamoja, kila mmoja akimkosoa mwenzake jinsi ya kushika kisu. Mjukuu wake akatupeleka Jacobs kwa gari lake dogo la mizigo, miti imefungwa nyuma kwa kanga kuukuu.

Tulipanda siku hiyo hiyo na kesho yake. Gloire, wewe ulikuwepo, na nusu ya mstari wako ilikuwa kichwa chini, nami niliigeuza bila kumwambia Mama Nabintu. Kisha tukasubiri. Huo ndio ugumu wa sombe. Ukishaipanda, kwa siku nyingi shamba linaonekana kama mtu amechomeka fimbo ardhini akaenda zake. Mvua ikachelewa. Tulibeba maji kwa ndoo, mji ulipokata maji tulibeba kutoka kwenye tangi la gereji jirani. Oktoba ikakaribia kuisha.

Jumamosi ya mwisho Mama Nabintu alikuwa mjini kuuza. Tulikuwa mimi na Gloire tu. Papa Sylvain alikuja na wanaume wawili wa komite, kamba, na ndoo ya chokaa. Alikuwa amevaa suti, alikuwa na harusi baadaye. Wale wawili walianza kunyoosha kamba kando ya ukuta, wapime parkingi.

"Watoto, mulifanya vizuri," akasema Papa Sylvain, kwa ule upole wake. "Lakini angalia, ni udongo na mafimbo. Tulipatana."

Shingo yangu ikapata moto. Nikaangalia viatu vyangu. Na kwa sababu nilikuwa naangalia chini, nikauona mti uliokuwa karibu na mguu wake, na jicho la juu limepasuka, jani dogo la zambarau limejikunja kama ngumi ya mtoto.

"Papa," nikasema. "Inama."

"Unasema?"

"Inama uangalie."

Akainama kidogo, mikono magotini. Aliona. Mwanaume ambaye alijua miti ya sombe akiichoma hawezi kukosa kuijua ikichipua. Akanyooka. "Sawa, inaanza. Lakini mutapata mahali pengine pa kupanda, Aline. Ninyi munapata—"

"Hatupataki," nikasema. Sauti haikuwa yangu, ilikuwa juu. "Tunaombaka. Tulienda Glenwood, tukaenda Morningside, tukaenda mpaka Chatsworth. Mama Nabintu aliomba akiwa amesimama getini kama mtu wa kuomba mkate. Wewe uliomba kwa nani? Kama ni mafimbo, ng'oa. Ng'oa wewe mwenyewe, kwa mkono wako, wote. Mimi sing'oi."

Gloire alifunga mdomo kwa mikono miwili. Wanaume wa kamba waliacha kuvuta.

Naye Papa Sylvain, nadhani kwa sababu walikuwa wakimtazama, akashika ule mti akaung'oa. Ulitoka kwa shida. Chini ulikuwa na mizizi, myeupe, myembamba, imeshika udongo. Ngozi yake ilikwanguka kidogo, na maziwa yakamtiririkia kidoleni, na yale maziwa yananata.

Alisimama nao. Hakuwa na mahali pa kuuweka. Akaninyooshea. "Shika," akasema, taratibu.

Nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo.

Akamtazama Gloire. Gloire naye akaweka mikono nyuma.

Kule gereji mtu alikuwa anapiga bati. Mwishowe Papa Sylvain alivuta suruali yake juu kidogo, kama wanaume wanavyofanya wakitaka kukaa, akapiga goti kwenye tuta, goti moja, halafu kwa kuwa shimo lilikuwa limejifunga, magoti yote mawili. Akafukua kwa vidole. Akaurudisha mti. Akaukandamiza kwa viganja pande zote, vizuri, kama mtu aliyewahi kufanya hivyo akiwa mdogo kwa mama yake na akasahau. Alipoinuka suruali ilikuwa na duara mbili nyeusi. Akawaambia wale wawili, "Pimeni upande wa geti," akaenda harusini hivyo hivyo.

Msidhani aliomba msamaha. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba *sisi*, kama kanisa, tumefanikiwa kutunza bustani yetu, na parkingi itakuwa upande wa geti. Watu wakasema amina. Mama Nabintu, aliyekuwa amekwisha kusimuliwa yote na Gloire kwa vitendo, alisema amina kubwa kuliko wote, halafu akanifinya paja mpaka nikaruka. Mimi bado nina hasira. Nina haki nayo, sitaitoa kwa sababu ya amina.

Jumamosi yangu ya mwisho alinipa kile kisu niende nacho nyumbani. Nilikataa. Kisu ni cha shamba. Gloire, mwaka wako wa tatu atakupa ukishike, simama vizuri.

Mengine mtayaona wenyewe. Msipande kwenye mvua ya wajinga. Kwangueni kila mti kabla ya kuutupa. Kila msimu pelekeni miti kwa Bi Halima, hata kama ua wake umejaa, na mkubali atakachowaambia kuhusu muhogo. Wekeni miti miwili mitatu mahali komite haijui.

Na ule wa mstari wa tatu, karibu na bomba, aliourudisha Papa Sylvain, umeshika. Lakini aliupanda umelala upande, na unakua umepinda. Chumeni majani yake kama mingine. Msiunyooshe.